TaSUBa Bagamoyo kwa mwanafunzi wa muziki anayetokea Dar

Ukitoka Dar kutafuta shule ya muziki ukaishia TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), usitarajie piano na karatasi za nota kuwa ndizo zitakazokupokea. Utapokewa na ngoma, na sababu iko kwenye asili ya chuo chenyewe. Miaka ya 1960 serikali iliunda kikundi cha ngoma cha taifa jijini Dar, kikakusanya mafundi wa ngoma kutoka mikoani. Sarakasi na maigizo vikafuata. Kikundi kilipovunjwa, ujuzi wake ulihamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981, na baadhi ya wasanii wake wakawa walimu. Mwaka 2007 chuo kiligeuzwa wakala wa serikali, likaja jina la sasa. Ngoma ikabaki pale pale.

Kwa hiyo anayesomea muziki hapa haponi kucheza, na anayesomea kucheza haponi kupiga. Kwa ngoma za asili tunakipa chuo alama za juu bila kusita. Sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni, bugobogobo ya Wasukuma na muheme ya Wagogo, ambayo wanawake huipiga wakiwa wameibana mapajani, zote utazikuta mahali pamoja. Kuzifuata kwao kungekugharimu nauli ya nusu ya nchi.

Tatizo la Bagamoyo ni bahari. Ngozi hunyonya unyevu wa usiku, asubuhi ngoma inalia kama debe lenye maji. Dawa ni kuipasha: washa nyasi kavu au maboksi, elekeza uso wa ngoma kwenye moto ukiwa mbali kidogo, igeuzegeuze, na kila mara igonge kwa kidole mpaka sauti ipande. Mwenye haraka huisogeza karibu mno, ngozi ikakauka upande mmoja na kupasuka ukingoni, kwenye vigingi. Hapo hakuna dawa ila kuiwamba upya.

Ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vilivyofungwa juu ya sanduku la mbao na kupigwa kwa vidole gumba, ina masharti yake. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ala hiyo duniani, alifundisha chuoni hapa, alifariki 2003. Si kila chuma cha ilimba hupigwa: vingine hubaki bila kuguswa, vikitetema vyenyewe jirani zao wanapolia. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, ndio unaotoa ule mvumo wa nyuki. Wanafunzi wapya huusafisha wakidhani ni uchafu, kisha wanalalamika ala imepoteza sauti! Vyuma hushika kutu kwa chumvi ya hewani. Vifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya zoezi, na mafuta ya cherehani tone moja tu.

Jumba la maonyesho liliungua 2002, likajengwa upya. Ukileta kikundi chako, usiiweke ilimba au zeze nyuma ya ngoma, havitasikika. Viweke mbele, na kipaza sauti kielekee tundu la ala kwa umbali wa shibiri moja, siyo mdomo wa mwimbaji peke yake.

Kozi kuu ni za astashahada na stashahada, za kusoma kutwa. Mfanyakazi mwenye jioni tu hazimfai. Anayetaka violini au piano kama somo kuu atafute mwalimu huko huko Dar.

Kufika: daladala za Makumbusho, takriban kilomita 65. Foleni ya Mwenge hadi Tegeta ndiyo itakayoamua kama ni saa moja na nusu au tatu, kwa hiyo kwenda na kurudi kila siku ni kujitesa. Panga chumba huko huko. Siku za tamasha la kila mwaka maonyesho huenda mpaka usiku, na gari la kurudi Dar saa hizo ni la kubahatisha. Vyumba hujaa mapema, uliza tarehe kabla hujalipia kitu.