Kadi ya treni na mvua ya Leicester: uzoefu wangu na Family & Friends Railcard

Kiangazi kilichopita tulikaa Uingereza wiki tano, Julai hadi Agosti: mimi, mamangu, na watoto wangu wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine kumi na mmoja. Tulifikia kwa dadangu Leicester. Katika vyote tulivyonunua tangu tutue, kilichotufaa zaidi ni kadi ya paundi 35. Naandika kwa sababu kabla ya kusafiri nilitafuta maelezo yake kwa Kiswahili nikakosa, na najua ndugu zetu wengi wanaokwenda kuwaona jamaa kule hulipa nauli kamili mwanzo hadi mwisho.

Inaitwa Family & Friends Railcard na hukaa mwaka mzima. Watu wazima hadi wanne wanapunguziwa thuluthi ya nauli, na watoto hadi wanne, wa miaka 5 hadi 15, wanapunguziwa asilimia 60 ya nauli ya mtoto, ambayo tayari ni nusu ya ile ya mkubwa. Si lazima muwe wa damu moja wala mkae nyumba moja. Tufanye hesabu ya mfano. Kwenda na kurudi ni paundi 30 kwa mtu mzima na 15 kwa mtoto. Wakubwa wawili na watoto wawili jumla ni 90. Ukiwa na kadi, kila mkubwa analipa 20 na kila mtoto 6, jumla 52. Umebakisha 38, yaani safari moja tu na kadi imeshajilipa. Mgeni naye anaruhusiwa kuinunua. Sisi tulikwenda dirishani stesheni na pasipoti, haikuchukua hata robo saa.

Jambo moja ambalo dadangu ndiye aliyelijua: kadi huandikwa majina mawili. Tukaandika langu na lake. Siku mimi nimechoka, yeye huwachukua watoto wote wanne, wangu na wake, na kadi inafanya kazi vile vile.

Lakini punguzo si sababu kubwa ya mimi kuisifu kadi hii. Sababu ni mvua.

Mtu wa Mombasa anajua mvua. Tuna masika, ikinyesha barabara zinageuka mito, kisha inakata na jua linatoka. Hata mwezi wa saba tuna mchoo wetu. Ya kule ni nyingine. Unaamka mbingu ni nyeupe, unavaa koti, unafika kituoni jua kali, unavua koti, na kabla hujakaa chini manyunyu yameanza tena. Wiki yetu ya pili ilinyesha siku tano kati ya saba. Watoto walikuwa wamehesabu siku za kwenda pwani tangu Nairobi uwanja wa ndege, na kila jioni mdogo ananiuliza, "Kesho je?"

Sasa, treni za kule zina tikiti za namna mbili kubwa kwa msafiri kama mimi. Kuna Advance, unayoikata mapema kwa bei ya chini, ila umefungwa na treni ile ile, siku ile ile, saa ile ile. Ikikupita, imekupita. Na kuna Off-Peak, ya saa zisizo na msongamano, ambayo siku za kazi huanza kutumika asubuhi watu wakishaingia makazini, na wikendi siku nzima. Hiyo unapanda treni yoyote inayofaa kwa njia yako. Ni ghali zaidi, na hapo ndipo kadi inapofanya kazi yake: inaishusha bei hiyo mpaka familia inaweza. Kila mtu alinishauri nikate Advance za safari zote wiki tatu kabla. Nashukuru sikufanya hivyo, isipokuwa kwa London peke yake, ambako tulikuwa na siku maalumu. Nyingine zote tuliamka, tukala, tukatazama dirishani, ndipo tukaamua tunakwenda wapi.

Siku ya mvua ya kutwa tulikwenda York. Ni zaidi ya saa mbili, tukabadilisha treni Sheffield. Nilihofia magoti ya mama, lakini ukiomba mapema kuna msaada wa abiria bila malipo: mtu anakungoja na ubao wa kupandia, anakushika mkono mpaka kwenye kiti. Mama aliwaombea dua wote waliomsaidia. Pale York, Makumbusho ya Taifa ya Reli yako hatua chache kutoka stesheni na kuingia ni bure. Ndani mna Mallard, treni ya mvuke ya rangi ya buluu ambayo mwaka 1938 ilikwenda maili 126 kwa saa, karibu kilomita 203, na hakuna ya mvuke iliyoipita mpaka leo. Mwanangu mkubwa alisimama mbele yake kimya muda mrefu, yeye ambaye hanyamazi. Mvua ikipiga juu ya paa na sisi hatuna habari nayo. Kuta za kale za mji tulizipanda kidogo tu, mawe yalikuwa yanateleza, na sikutaka mama aanguke ugenini.

Skegness, mji wa pwani, ilitubidi tuingoje. Siku tisa! Siku ya kumi tuliamka jua limetoka, na kabla ya saa nne asubuhi tulikuwa kwenye treni ya Nottingham kuunganisha ya Skegness. Treni hiyo ni ya polepole, inapita mashamba mapana yasiyo na kilima. Bahari ya Kaskazini ni baridi, nisidanganye mtu. Watoto waliingia hadi magotini wakatoka wakipiga kelele. Lakini kwenye mchanga kulikuwa na punda.

Lazima nieleze. Mamangu ni mzaliwa wa Lamu. Kwake punda ndiye gari: hubeba mawe ya kujengea, mchanga, mizigo ya sokoni. Hapa aliwaona wamepambwa hatamu za rangi, wanatembezwa polepole ufukweni na watoto mgongoni, na mtu mzima haruhusiwi kupanda kwa ajili ya uzito. Akamkaribia mmoja, akamkuna katikati ya masikio kama anavyojua yeye, punda akainamisha kichwa. Mwenye punda akauliza mama katoka wapi. Nilipomwambia Lamu akaifahamu mara moja, kwa sababu shirika la hifadhi ya punda la Devon lina kituo Lamu tangu 1987, kinachotibu punda wa kisiwa. Mama anakijua kituo hicho, kipo pale ukingo wa bahari. Nikawa mkalimani kati ya wazee wawili wanaozungumza kwato na minyoo ya punda kwa nusu saa nzima. Saa tisa alasiri wingu likaja, likaleta mvua ya kweli. Tukapanda treni iliyokuwa inaondoka, si ile tuliyokusudia. Tikiti ikakubaliwa bila swali.

Ziko siku hatukupanda treni kabisa, na hilo nalo ni faida ya kutokata mapema, maana hakuna pesa iliyopotea. Siku moja kama hiyo tulikwenda na dada Belgrave Road, mtaa wa Wahindi wa Leicester, tukaingia hotelini kukimbia mvua. Kwenye orodha ya vyakula imeandikwa "mogo". Mama akataka kujua ni nini. Kikaletwa: muhogo! Muhogo wa kukaangwa, na pilipili na ndimu. Mzee aliyekuwa meza ya pili akamsikia mama akicheka, akageuka akasema kwa Kiswahili, "Mama, hiyo ni yetu sisi wote." Alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, wazazi wake walikuja Leicester na masanduku mawili, ingawa baraza la mji wakati huo lilikuwa limetoa tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Wakaja. Leo mji huo hauelezeki bila wao. Kiswahili chake kilikuwa na kutu kidogo, lakini kila neno alilolikumbuka alilitamka kama mtu anayetoa kitu cha thamani kabatini. Alipoondoka alimwamkia mama, "Shikamoo," ijapokuwa nadhani yeye ndiye mkubwa. Mama bado anamtaja.

Kwa jamaa ndiko nilikoona wazi zaidi kwa nini tikiti isiyokufunga inatufaa sisi. Mjomba yuko Milton Keynes. Yeye na mama hawakuonana miaka kumi na minne. Asubuhi mjomba aliwapeleka watoto Bletchley Park, yale majumba na vibanda vya mbao ambamo wakati wa Vita vya Pili walifumbua siri za ujumbe wa Wajerumani. Jioni alitoa noti ya paundi 50 akawaonyesha picha ya Alan Turing, mtaalamu wa hisabati, kwamba mtu huyu alifanya kazi pale mlipokuwa leo. Mama hakwenda. Alibaki na mkazamjomba jikoni, wanachambua mchele na kuulizana nani kaolewa na nani katangulia mbele ya haki. Mimi nilikuwa nimepanga turudi saa kumi na moja. Nani angemwambia ndugu wa miaka kumi na minne kwamba saa imefika? Pilau iliiva saa kumi na mbili. Baada ya pilau ikaja kahawa na visheti. Huko Julai jua huzama saa tatu na robo usiku, basi hatukuondoka mpaka Magharibi, baada ya kusali jamaa. Ningekuwa na tikiti ya saa maalumu, ama ningemkatiza mama, ama ningelipa upya.

Kurudi usiku huo ndiko kulikokuwa na taabu. Treni ya kuunganisha ilifutwa, tukangoja kwenye stesheni ambayo chumba chake cha kupumzikia kilikuwa kimefungwa, mvua inapulizwa na upepo mpaka kwenye benchi, na mama amejifunika leso mbili. Tulifika saa nzima baadaye. Nilikasirika sana, si kwa ajili yangu. Jueni kwamba treni ikichelewa nusu saa au zaidi mna haki ya kudai fidia. Piga picha tikiti zenu, jaza fomu kwa simu. Mimi nilijaza, na pesa zilirudi.

Kuhusu kadi yenyewe kuna mambo mawili ya kuangalia. Lazima mtoto awemo safarini. Siku moja mimi na mama tulikwenda Birmingham kutoa pole kwenye tanzia, watoto tukawaacha, na kadi ikawa haina kazi. Kama mzee wenu ametimiza miaka 60 na mtasafiri sana bila watoto, iko Senior Railcard yake mwenyewe. La pili, kwa safari za ndani ya London na kusini-mashariki ya Uingereza kadi haikubaliwi asubuhi za siku za kazi wakati wa msongamano. Kwa treni za chini ya ardhi pale mjini haina haja sana kwa wadogo, kwani walio chini ya miaka 11 hupanda bure wakiwa na mtu mzima. Na ukiiweka kwenye simu, hakikisha simu ina chaji, kwa sababu tikiti bila kadi haitoshi mkaguzi akipita.

Kwa familia inayokwenda na watoto, nainunua tena bila kufikiri mara mbili. Kwa mtu anayekwenda peke yake, tafuta kadi nyingine.

Yetu bado ina miezi. Tulipoondoka tuliiacha kwa dada, jina lake si limo? Jumamosi iliyopita alituma picha: wanawe wawili Skegness, makoti yamefungwa hadi shingoni, na nyuma yao yule punda. Mama ameniomba nimchapishie.