Injini ya roketi: ya mirija au ya ukuta unaoungua, ipi bora?

Ubishi huu wa namna ya kuikinga injini na joto lake yenyewe hauishi, basi tuangalie kutegemeka, bei na matunzo.

Ya mirija, yaani mafuta baridi yanapita kwenye mirija ya ukutani na kuupoza kabla hayajachomwa, unairusha tena na tena, ila kuiunda ni ghali na mirija ndo roho yake. Julai 1999 chombo cha anga cha Marekani Columbia kikiwa kinapaa kipini kidogo kilichopakwa dhahabu kilichomoka ndani ya injini kikatoboa mirija mitatu, haidrojeni, yaani mafuta yake, ikavuja njia nzima na injini zikazima mapema kidogo, bahati walifika.

Ya kuungua, ukuta unaliwa taratibu na kuondoka na joto, haina mirija ya kutoboka. Ndo iliyowanyanyua wanaanga wa Apollo kutoka mwezini, maana pale ikigoma umekwisha. Ila ukishaliwa basi, unatupa.

Kampuni ya SpaceX walianza na ya kuungua kwenye roketi yao Falcon 1, Agosti 2008 wakarusha ya mirija, safari ikafeli! Na wala mirija haikupasuka, mafuta yaliyobaki yaliendelea kusukuma kidogo baada ya kuzimwa, kipande cha chini cha roketi kikakigonga cha juu vilipoachana.

Safari moja tu? Chukua ya kuungua. Unataka kurudia, mirija haikwepeki, tenga hela ya ukaguzi.