The Lavender Hill Mob: wizi wa karani mwangalifu

Kati ya filamu za vichekesho vya uhalifu zilizotoka katika studio ya Ealing, London, ninayoirudia mara nyingi zaidi ni The Lavender Hill Mob ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Charles Crichton, kwa sababu ndani yake hakuna anayeanguka wala kukimbia ovyo: kila kioja kinatokana na tabia ya mtu anayepatwa nacho.

Alec Guinness ni Henry Holland, karani wa benki ambaye kwa miaka mingi amesindikiza mikuo ya dhahabu, akisimamisha gari kila anapolitilia shaka gari lililo nyuma, hata wakubwa wake wanamwona mwaminifu asiye na ubunifu. Uangalifu huo unaowachosha wenzake ndio unaomkinga, kwani nani angemdhania wizi? Anachokosa ni njia ya kuitoa dhahabu nje ya Uingereza, mpaka anapokutana na mpangaji mwenzake, Alfred Pendlebury (Stanley Holloway), ambaye karakana yake husubu vinyago vya Mnara wa Eiffel kwa madini ya risasi, vikapelekwa kuuzwa Paris. Wazo linavyohama kutoka kichwa cha mmoja hadi cha mwingine, huku wote wawili wakishukuru kwamba wao ni watu waaminifu, ni uigizaji wa hali ya juu.

Huko Paris vinyago sita vya dhahabu vinauzwa kimakosa kwa wasichana wa shule kutoka Uingereza. Wasichana wanashuka kwa lifti, nao wanaume wawili wanateremka mbio kwa ngazi za mzunguko, na kamera ya Douglas Slocombe inazungusha vyuma na jiji pamoja nao mpaka kizunguzungu kinageuka kicheko wasichoweza kukizuia. Nami hucheka nao kila mara. Hata hivyo, ninakipenda zaidi kipande kinachofuata bandarini, wanapozuiwa kwenye tiketi, kisha pasipoti, kisha forodha, meli ikiwa inaondoka. Karani aliyeishi kwa kufuata taratibu anakwamishwa na taratibu zilezile.

Mkimbizano wa magari ya polisi jijini London haunipendezi kwa kiasi hicho. Umepangwa kwa ustadi, lakini magari yanachukua nafasi ya watu, nasi tunapoteza kwa muda nyuso tulizozizoea. Sid James na Alfie Bass, wezi wazoefu wanaoajiriwa na hawa wanafunzi wa wizi, nao wanaachwa mapema mno. Pamoja na hayo, mswada wa T. E. B. Clarke ulistahili kabisa tuzo ya Oscar uliyoipata, kwani katika dakika 80 hivi hausahau jambo lolote ulilolipanda.

Mtazamaji mpya asisimuliwe mwisho. Anayeirudia aanze tena pale mgahawani Rio de Janeiro, ambapo Audrey Hepburn anapita kwa muda mfupi tu, na amchunguze vizuri mgeni anayeketi meza moja na Holland.