Miezi minane na kipima unyevu wa ardhi, shambani Bambi

Nimekifukia mwisho wa masika, vuli imepita, sasa kaskazi imeshika. Ninalima tungule Bambi, Unguja Kati, kwenye udongo wa aina ya kinongo. Kifaa ni vijiti viwili, kimoja nimekizika sentimita 10, kingine 30. Waya unapanda hadi kisanduku kinachoonesha asilimia ya maji. Kinatuma umeme mdogo na kusoma udongo unavyoupokea: kwa kipimo hicho cha kupokea umeme (si asilimia) maji ni kama 80, punje kavu za udongo 3 hadi 5 tu, kwa hiyo maji kidogo yakiongezeka namba inaruka.

Mwanzo kilinikera. Siku ya pili baada ya mvua kubwa, kijiti cha chini kilisoma asilimia 6! Nikafukua. Tundu nililolitoboa kwa mtarimbo lilikuwa pana, kijiti kimezungukwa na hewa na ubavu mmoja umeegemea jiwe. Nikaloweka udongo uleule ukawa kama uji mzito, nikaumimina, nikaushindilia kwa vidole. Siku tatu baadaye, 24. Karatasi ya maelekezo haigusii hili hata kwa neno moja, na inaudhi, maana mtu anaweza kukitupa kumbe kizima.

Kilichonifanya nikipende ni vuli. Mvua ilikuja ya manyunyu. Udongo wa juu mweusi, unang'ara, na jirani akaniambia, "Ami, ipumzishe mashine, Mungu keshamwagilia." Kijiti cha juu kilisoma 22. Cha chini kikawa kinashuka kila asubuhi: 18, 16, 13. Ukame ulikuwa umeshaingia huko mizizi inakokunywa, na jani hata moja halijalegea. Nikawasha pampu, nikaacha maji yaende mpaka namba ya chini ipande. Zamani nilikuwa namwagilia kidogo kila jioni, maji yanaishia juu na jua linayachukua. Sasa namwagilia mara mbili kwa wiki, kwa kina, na mitungule imebeba mpaka matawi ya juu.

Shemeji yangu wa Makunduchi alikijaribu kwenye uwanda, kikamshinda: mawe matupu, udongo haufiki hata shubiri. Na anayemwagilia kwa kisima chenye chumvi ajue chumvi huipandisha namba, akadhani pana maji.

Waya upitishe ndani ya mpira. Wangu wa kwanza uliliwa na panya. Nimeshaagiza kingine, kitakaa kwenye bilinganya, kule bondeni ambako udongo ni kinamo.