Orsay au Rodin, ukiwa na siku moja tu Paris

Kwa michoro ya rangi, hakuna ubishi: nenda Musée d'Orsay. Jengo lenyewe lilikuwa kituo cha treni, likafunguliwa kama makumbusho mwaka 1986. Humo wamo wachoraji Monet, Renoir, Cézanne na Van Gogh, pamoja na mchoro wa Van Gogh wa 1888 wa usiku wa nyota juu ya mto Rhône. Ubaya wake ni umati. Mbele ya Van Gogh utaona migongo na simu zaidi kuliko rangi.

Musée Rodin ni makumbusho ya mtu mmoja, mchongaji Rodin, na kwa sanamu naipendelea. Nyingi ziko bustanini, kwa hiyo unaizunguka shaba pande zote huku mwanga ukibadilika. Mlango wa Jahanamu, sanamu yake kubwa ya mlango uliojaa viumbe, ndio mfano mzuri. Serikali ya Ufaransa iliuagiza mwaka 1880. Rodin akafa 1917 bila kuuona umemiminwa kwa shaba. Bustanini uko wa shaba, Orsay uko wa plasta, na huo wa plasta, mweupe, unaonyesha vizuri zaidi jinsi alivyokuwa akibandika na kubandua viumbe vyake. (Hapo Orsay wananishinda, nakiri.)

Wapenzi wa kazi za Camille Claudel, mchongaji aliyefanya kazi na Rodin, watazikuta kote kuwili.

Rodin pia alikusanya kazi za wenzake, hivyo hata kwake utapata Van Gogh: picha ya mzee Tanguy, muuza rangi, ya 1887. Kote hufungwa Jumatatu. Mwenye watoto aende Rodin, kuna nafasi ya kukimbia.