Tahadhari: "maji ya betri" ya Nissan Leaf ni utapeli, nimepigwa laki tisa na nusu

Wadau mnaoendesha Leaf, hili gari la umeme la Nissan, hapa Dar, na nyinyi mnaotaka kuagiza, nisomeni mpaka mwisho. Kuna fundi anajitangaza kuwa mtaalamu wa magari ya umeme. Jina lake silitaji. Nitaeleza mbinu yake, maana gereji anaweza kuhama kesho lakini mbinu atahama nayo.

Gari langu ni la 2014, betri ya 24 kWh (kipimo cha umeme inaoweza kubeba). Naishi Kibamba, kazi Posta. Mwezi wa pili, na joto lile mnalolijua, jioni napanda Kimara kwenye foleni, kipimo cha joto la betri kikapanda hadi karibu na wekundu. Mara taa ya kobe ikawaka. Kwa wasioijua, ni taa ndogo yenye picha ya kobe: gari linajipunguzia nguvu lenyewe, ama chaji imebaki kidogo sana au betri imepata joto kupita kiasi. Chaji ilikuwepo. Nikatambaa pembeni kama huyo kobe mwenyewe, bajaji zinanipita.

Kesho yake nikampelekea huyo fundi. Akafungua boneti, akanionyesha ile chupa ya kulanti (maji ya kupozea), kweli imepungua kidogo. "Bosi, maji ya betri yamekwisha, ndiyo maana linachemsha." Nami nimeendesha magari ya petroli miaka kumi na tano, nikisikia gari linachemsha akili inakimbilia rejeta. Nikaingia mzima mzima. Kulanti "maalumu ya betri" lita 6 kwa elfu 45 kila lita, ufundi elfu 80. Jumla laki tatu na nusu.

Sasa sikilizeni. Betri ya Leaf haina maji. Haina bomba linaloingia ndani, haina hata feni. Ni sanduku lililofungwa chini ya sakafu, linapoa kwa upepo tu. Kulanti iliyoko mbele ni ya mota, inveta na chaja. Ikipungua ni kweli ujaze, ila haigusi betri, na kile kipimo cha joto kwenye dashibodi kinasoma betri. Yapo magari ya umeme ambayo betri zake zinapozwa kwa maji, Tesla mojawapo, na hapo ndipo uongo wake unapopata miguu.

Mtaniuliza, mbona lilipona? Lililala kwake siku mbili kivulini. Betri kubwa namna ile inachukua saa nyingi kupoa, na ikishapoa lazima kipimo kishuke, hata ungemwagia togwa.

Siku ya nne kobe akarudi. Fundi safari hii akasema kuna moduli (vile vifurushi vya seli vinavyounda betri) mbili zimekufa, anazo za Japani, laki tatu kila moja. Nikalipa (ndiyo, nililipa, msinicheke). Nikakabidhiwa gari, vipande vya afya ya betri kwenye dashibodi vimejaa vyote 12, wakati mimi nilimpelekea vikiwa 9. Nilifurahi hadi nikampa hela ya soda.

Baada ya wiki tatu vipande vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Nikampata kijana mmoja mwenye kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, kinaongea na simu kwa Bluetooth, na programu ya LeafSpy. Betri imebaki na asilimia 63 ya afya. Akanionyesha zile jozi 96 za seli: nyingine zote zinakwenda sawa, moja ukikanyaga mafuta (mazoea tu, mafuta yenyewe hayapo) inazama volti peke yake. Betri iliyochoka inapata joto zaidi kwa kazi ileile, na mimi nilikuwa nafika nyumbani nachomeka chaji papo hapo ikiwa bado ya moto.

Kisha akaniambia lala chini uangalie. Nikaingia na tochi ya simu. Boliti zinazoshika sanduku la betri zimefunikwa na tope jekundu la Kibamba, limekauka, halina hata mkwaruzo wa spana. Huwezi kubadilisha moduli bila kulishusha sanduku lile. Hakuna kilichofunguliwa. Alichofanya ni kufuta kumbukumbu za kompyuta ya betri, ikaanza kuhesabu upya kana kwamba betri ni mpya, mpaka ilipojifunza ukweli tena.

Wanunuzi, mchezo huohuo unafanyika kwenye yadi. Msiamini vipande 12. Chaji ijae, endesha kilomita 40 kwa mwendo wa kawaida, uangalie kilichobaki. Leaf ya 24 kWh ilipokuwa mpya ilikwenda kama kilomita 120 hadi 135. Ikiwa kilomita 40 zimekula zaidi ya nusu, unauziwa sanduku. Na fundi akisema kabadilisha moduli, dai uwepo sanduku likishushwa. Simama mbali lakini: mle ndani kuna karibu volti 400, nyaya za rangi ya chungwa haziguswi na mtu asiye na glavu za kazi hiyo.

Langu kwa sasa naliacha lipoe kwanza, nachaji usiku, Kimara napanda polepole kwenye Eco, ile hali ya kubana matumizi ya umeme. Kobe sijamwona tangu hapo, ingawa ile jozi mbovu bado inasubiri hela.

Fundi nilimdai, akaniahidi Ijumaa, Ijumaa ikapita, sasa simu hapokei. Juzi nimeliona tangazo lake jipya, "tunarudisha betri kuwa mpya", na picha ya dashibodi yenye vipande 12. Kwenye kioo kuna stika ya shule ya mwanangu.