TAHADHARI: Kuna mtu anauza tapeti za 1NZ zilizobadilishwa namba, watu wa Kigoma na Tabora msimtumie hela

Wakuu, habari za leo. Hasira bado ninazo, lakini nimesubiri siku nne kabla ya kuandika ili nikusanye ushahidi, nisije nikamsingizia mtu. Kuna jamaa anauza tapeti (vile vikombe vya chuma vinavyokaa juu ya valvu) za injini ya Toyota 1NZ kwa simu na kuzituma kwa basi kuja Kigoma, Tabora na kwingineko. Usimtumie hela. Namba zilizoandikwa kwenye tapeti zake ni za uongo, na baadhi ya tapeti zimepitishwa kwenye grinda. Ukizifunga bila kupima unaweza kuunguza valvu huku unaamini gari limepona.

Sina jina la kuwapa. Jina aliloniambia mimi silo alilomwambia mwenzangu wa Urambo, na tulipotuma hela lilitokea jina la tatu. Nitaeleza anavyofanya kazi, mtamtambua wenyewe.

Nina Probox, inabeba dagaa na migebuka kutoka mwalo wa Kibirizi kwenda Kasulu. Ndiyo inayolisha nyumba yangu. Ikaanza kusumbua asubuhi: ukiiwasha ikiwa ya baridi inatetemeka na kupiga misi, ikishapata moto inatulia kidogo. Nikabadilisha plagi zote nne, nikabadilisha koili moja, wapi. Fundi wa kwanza niliyempelekea akasikiliza dakika mbili akasema, "Tapeti hizo kaka, lete elfu arobaini nizikaze." Hapo nikaondoka na gari langu, maana 1NZ haina tapeti ya kukaza.

Hili naomba nilieleze vizuri, kwa sababu utapeli wote umejengwa juu yake. Kuna injini ambazo kweli unaset tapeti kwa bisibisi na spana. Honda Fit ya zamani yenye L13A, kwa mfano, ina skrubu na nati: unalegeza nati, unazungusha skrubu, unapitisha fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi), unakaza nati. 1NZ ya kwenye Probox, IST na Vitz za 1500 haina skrubu hata moja. Juu ya kila valvu kumekaa kikombe cha chuma, ndiyo tapeti yenyewe, na kamshafti (shafti inayofungua valvu) inakigonga kikombe hicho moja kwa moja. Nafasi kati ya kamshafti na kikombe inatokana na unene wa kikombe chenyewe. Toyota wametoa saizi 35, kuanzia milimita 5.06 hadi 5.74, kila moja inapishana na mwenzake kwa 0.02. Ukikigeuza kikombe, kwa ndani utakuta namba. Kikiandikwa 42 maana yake unene ni 5.42. Kwa hiyo kuset tapeti kwenye 1NZ ni kutoa kikombe kimoja na kuweka kingine chenye unene unaotakiwa, basi. Namba ile ndiyo unayoinunua. Mtu akiibadilisha namba, amekuuzia kipande cha chuma tu.

Nikaamua kupima mwenyewe nyumbani. Gari lililala usiku kucha, kwa sababu vipimo hivi ni vya injini baridi. Asubuhi nikavua tapeti kava, nikazungusha krenki kwa spana ya 19 mpaka pistoni namba moja ikawa juu kabisa na valvu zake zote zimefunga. Hapo unapima valvu za inteki (za kuingiza hewa) za silinda 1 na 2, na za ekzosti (za kutoa moshi) za 1 na 3. Kisha unazungusha krenki mzunguko mmoja kamili, unapima inteki za 3 na 4, na ekzosti za 2 na 4. Nafasi ya inteki inatakiwa iwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, ya ekzosti kati ya 0.25 na 0.35. Kwangu vikombe saba vilikuwa nje ya kipimo. Kibaya zaidi kilikuwa ekzosti ya silinda ya tatu: 0.16.

Wengi tunaogopa tapeti inayopiga kelele, ile tak tak tak. Hiyo inakera lakini walau inakuambia kitu. Ya kuogopwa ni iliyobana, kwa sababu iko kimya. Valvu ikipata moto inarefuka, na kama hakuna nafasi inashindwa kukaa vizuri kwenye siti yake. Valvu ya ekzosti hupoza joto lake kwa kukalia siti. Isipokalia, inaungua ukingoni, kompresheni inavuja, na siku moja unajikuta unafungua silinda hedi. Nilipoona 0.16 nilishukuru Mungu nimewahi.

Hesabu yake si ngumu. Kikombe kilichokuwepo kilikuwa 5.56. Nafasi iliyopo ni 0.16, inayotakiwa kwa ekzosti ni 0.30, kwa hiyo imepungua 0.14. Unatoa 0.14 kwenye 5.56, unapata 5.42. Nahitaji namba 42. Nikafanya hivyo kwa vyote saba, nikaandika kwenye daftari, nikaanza kutafuta.

Na hapa ndipo sisi wa mwisho wa reli tunapoumia. Nilizunguka maduka ya spea Mwanga hadi Ujiji, plagi zipo, mikanda ipo, lakini vikombe vya tapeti kwa saizi hakuna. Vinaagizwa Dar, zaidi ya kilomita 1,200. Huwezi kupanda basi kwenda kukagua vikombe saba. Unaamini picha.

Picha yake ni hii, ikumbukeni: vikombe kumi na sita vimepangwa mistari minne juu ya kitambaa chekundu, pembeni kuna boksi la bluu. Ukimuuliza saizi yoyote anayo. Hilo pekee lilitakiwa linishtue, maana hata wenye maduka makubwa huwa wanakosa saizi moja mbili. Mimi nilimtajia saba, akajibu ndani ya dakika moja: "Zote zipo kaka yangu, orijino, zimeshuka na injini kutoka Japani. Vua, funga, lala usingizi." Kila kimoja elfu 22. Nikatuma 154,000, na nauli ya kifurushi 10,000 juu. Kifurushi kikafika siku ya tatu. Vikombe vilikuwa vimefungwa kwenye karatasi ya mafuta, safi vinang'aa, na namba zote saba nilizoomba zipo. Nikamtumia hadi ujumbe wa kumshukuru.

Kubadilisha vikombe hivi si kazi ya kuchezea. Lazima utoe kamshafti zote mbili, taiming cheni uifunge kwa waya isidondoke, na vifuniko vinavyoshika kamshafti uvikaze kidogokidogo kwa mpangilio. Ilinichukua Jumamosi nzima. Jioni nikarudisha kila kitu, nikazungusha krenki mizunguko kadhaa, nikachukua fila nipime. Ekzosti ya silinda ya tatu: 0.16. Ileile. Nikajua nimekosea, nikapima tena. Nikaazima fila ya jirani. 0.16. Yaani siku nzima nimefungua injini na nafasi haikusogea hata unywele.

Jumapili nikatoa tena kamshafti. Nikachukua vile vikombe saba pamoja na vya zamani, nikampelekea mzee mmoja mkereza vyuma hapa Mwanga ambaye ana maikromita, kifaa cha kupima unene. Mzee hana maneno mengi. Akaifunga maikromita tupu kwanza, akanionyesha inasoma sifuri, ndipo akapima kikombe changu namba 42. 5.56. Akakiinamisha kwenye mwanga wa mlangoni, akanipa lenzi. "Tazama hapo chini ya nne." Chini ya ile 42 iliyochongwa kwa kalamu ya umeme kilionekana kivuli cha namba iliyosuguliwa: 56. Yule bwana alikuwa ameniuzia kikombe cha unene uleule niliokuwa nao, akabadilisha namba tu.

Kile cha inteki ya silinda ya pili ndicho kibaya kuliko vyote. Kimeandikwa 36. Mzee akapima upande mmoja, 5.36. Akapima upande wa pili, 5.29. Uso umelala upande kama paa. Kwa pembeni una rangi ya bluu iliyofifia, na mzee akasema bluu ile ni moto wa grinda, chuma kikifika hapo kinapoteza ugumu wake. Akachukua tupa ndogo. Akaipitisha kwenye kikombe changu cha zamani, ikateleza kama iko juu ya kioo. Akaipitisha kwenye kile cha bluu, ikang'ata na kuacha mkwaruzo mweupe. "Mwanangu," akaniambia, "hiki kamshafti ingekila, na chenyewe kingeila kamshafti." Kati ya vikombe saba, kimoja tu kilikuwa na namba ya kweli.

Nikampigia muuzaji nikamweleza kwa upole. Akasema fila yangu ni ya Kichina. Nikamtumia picha ya maikromita. Alama mbili za bluu, kimya, kisha akanibloku. Ndugu yangu aliyepo Dar akaenda kwenye duka alilonitajia. Wenye duka ni watu wazima wastaarabu, hawamjui, na wakamwambia yeye si wa kwanza kwenda kuuliza.

Nilipowasimulia watu ndipo akajitokeza huyo wa Urambo. Ana IST, alinunua vinne kwa mtu huyohuyo, picha ileile ya kitambaa chekundu. Fundi wake alifunga kwa kuamini namba bila kupima baada ya kufunga. Wiki ya tatu gari likapoteza nguvu, silinda ya pili haina kompresheni. Walipofungua hedi, valvu moja ya ekzosti imeungua ukingoni kama karatasi. Kikombe kilichokuwa juu yake kimeandikwa 30, lakini ukikitazama vizuri kwenye mwanga unaona 60. Nafasi nzima ya ekzosti imekwenda hapo. Huyu ana watoto, gari ni la mkopo. Sijui mtu anapata usingizi vipi baada ya kufanya hivyo.

Kama huna jinsi ila kununua kwa mbali, mwambie muuzaji akutumie video moja isiyokatwa: maikromita imefungwa inasoma sifuri, namba ya ndani ya kikombe inaonekana, halafu kipimo. Anayeuza kitu halali haoni shida, ni kazi ya dakika moja. Hela ilipwe mzigo ukishakaguliwa, hata kama itabidi umwombe ndugu aende dukani. Mzigo ukifika, pima katikati na pembeni, na kagua namba kwenye jua kabla hujagusa boliti hata moja. Ukishafunga, pima tena kwa fila kabla ya kurudisha kava. Fundi akikuambia hakuna haja, tafuta fundi mwingine.

Mimi nimefungua taarifa polisi, nimeacha vikombe sita pale pamoja na muamala. Mwenye muamala wake naye aende kituo cha polisi kilicho karibu, malalamiko yakiwa mengi ni rahisi kulifuatilia suala hili. Namba ya simu ya tapeli mnaweza pia kuituma bure kwenda 15040 ishughulikiwe na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano.

Kama umeshanunua kwake na hujafunga, tafadhali usifunge. Kwa walio Kigoma mjini, njoo na vikombe vyako hapa Mwanga, mzee amekubali kuvipima bila malipo mwezi huu wote, niandikie nikuelekeze. Wa Tabora, mtafuteni mkereza vyuma yeyote mwenye maikromita, ni kazi ya robo saa.

Jana usiku nimetumiwa picha na rafiki. Kitambaa chekundu kilekile, boksi la bluu lilelile, namba ya simu mpya. Safari hii anasema ni tapeti za 1ZZ, injini nyingine ya Toyota.